Hodi Nyuma ya Wizara

"Nimebisha hodi mara tatu, Siwatu! Mara tatu mlangoni pako, na bakuli la kisamvu mkononi, mpaka kisamvu kikaganda! Kwani mimi ombaomba?"

"Sikukusikia, Mwatime!"

"Hukunisikia au hukutaka kunisikia? Harufu ya sambusa ilikuwa inatoka mpaka barazani. Una wageni wa sambusa, mie wa kisamvu nimekuwa jaa!"

"Wageni gani, bibi wee? Nyumba hii siku hizi wanaoingia ni sisimizi tu! Na wewe je? Juzi nimekuja kwako kuazima kinu, nikabisha hodi mpaka koo likaota miiba. Ulikuwa umelala au umekufa?"

"Muongo mkubwa!"

"Muongo aliyekuzaa bila masikio!"

Hapo Bi Siwatu alijua amevuka mpaka. Marehemu mama yake Mwatime ndiye aliyemfundisha kupika mkate wa mchele, na alimpenda kuliko shangazi zake wote. Lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Wanawake wale wawili walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kunusana vitunguu midomoni, mishipa ya shingo imewatuna kama kamba za kuanikia nguo, na bado kila neno ilibidi walisukume kwa nguvu kama mkokoteni kwenye matope. Sababu ilikuwa nyuma yao, kule juu, nyuma ya jumba la wizara, ikiunguruma na kuvuma na kupiga meno. Ulikuwa ni Mtambo.

Mara Mwatime akafumba mdomo, ghafla, kama aliyemwona nyoka. Bi Siwatu, ambaye alikuwa amekipa kisogo kichochoro, hakuona kitu. Akaendelea.

"Na lile bakuli lako lililobaki kwangu njoo ulichukue! Sitaki bakuli la mtu anayeni..."

Akahisi kitu cha sufu kikimgusa bega. Akageuka. Alikuwa Bwana Pazi, Mtulizaji wa Daraja la Pili, ndani ya koti zito lililomfika magotini, jasho likimtiririka kama mtu anayepikwa na ngozi yake. Mkono mmoja alishika kijisanduku chenye mshale, mkono wa pili kopo la rangi nyekundu na brashi. Kwa kuwa Mtulizaji haruhusiwi na kanuni kupaza sauti, alimwinamia Bi Siwatu sikioni kama mtu anayetaka kumwambia siri ya mapenzi.

"Mama, mshale wangu umefika pale panapoandikwa 'Ng'ombe Anachinjwa'. Hii ni mara yako ya pili."

"Na huyu je? Hatukuwa tunagombana wawili?"

Bwana Pazi alikielekeza kijisanduku mdomoni kwa Mwatime. Mdomo umefungwa. Mshale ukalala chali.

"Huyu ni raia mtulivu," alisema.

"Na ule?" Bi Siwatu akaunyoshea kidole Mtambo.

Bwana Pazi akakificha kijisanduku ndani ya koti upesi, kama mama anayemfunika mtoto asione uchi wa mtu mzima. "Kifaa hiki hakielekezwi kwenye mali ya serikali," akanong'ona. Kisha akachovya brashi, akapaka mlangoni kwa Bi Siwatu mstari wa pili, mwekundu, mrefu, na wa heshima.

Mstari wa tatu nyumba hufungwa. Mwenye nyumba, kwa manufaa ya koo lake mwenyewe, hupelekwa Shamba la Ukimya, mahali ambapo nyumba na nyumba zimetenganishwa kwa bonde zima, na jirani humwoni isipokuwa moshi wake.

Kwa watu wengine hiyo ni likizo. Kwa Bi Siwatu, mtu ambaye hajawahi kula tonge bila kumwuliza aliye karibu kama na yeye ameshiba, hilo lilikuwa kaburi lenye madirisha.

*

Sasa msikilizaji asije akadhani kwamba serikali ya nchi ile ilikuwa mbaya. Hapana. Ilikuwa serikali ya upendo, tena yenye kujali sana hewa. Nchi nzima ni joto, joto la kuku kutaga yai lililochemka, kwa hiyo ilianzishwa Wizara ya Hewa na Utulivu, ikajengewa jumba la vioo lisilokuwa na dirisha hata moja linalofunguka. Jumba la vioo juani ni kikaango. Basi likawekewa kiyoyozi, na si kimoja cha ukutani kama cha dukani. Uliwekwa mtambo mzima, wenye mapanga makubwa kuliko milango ya msikiti, nyuma ya jumba, upande wa mtaa wa Kisogoni. Jina Kisogoni ndilo walilopewa, kwa sababu wizara ilikuwa imeutazama mji na wao imewapa kisogo.

Kiyoyozi kikafanya kazi, tena kupita kiasi. Wafanyakazi wakaanza kukohoa. Meno yakagongana katika vikao hadi mwandishi wa kumbukumbu akawa anaandika meno. Ikapitishwa kwamba kila mtumishi avae koti, na mafundi cherehani wa nchi wakanenepa. Koti halikutosha. Hakuna aliyethubutu kusema baridi ipunguzwe, kwa kuwa kitufe cha kupunguzia kilikuwa ofisini kwa Mheshimiwa Waziri Kishindo, na Mheshimiwa alikuwa amekwisha tangaza kuwa hiyo ndiyo baridi ya kiwango cha kimataifa. Basi ukanunuliwa mtambo wa pili, wa joto, uje upambane na wa kwanza. Ikawekwa mitambo hiyo mgongo kwa mgongo, mmoja unapuliza barafu, mwingine unapuliza jehanamu, na ikawa inasukumana usiku na mchana kama wake wenza wawili chumba kimoja. Watu wa Kisogoni hawakuona haja ya majina mawili. Wakaiita yote Mtambo.

Malalamiko yalipopelekwa, wizara haikulala. Iliunda Kamati ya Kupunguza Kelele. Kamati ilikwenda nchi ya theluji kusikiliza jinsi wenzetu wanavyonyamaza, ikarudi na zawadi na mapendekezo. Ikajenga ukuta kuuzunguka Mtambo pande zote, isipokuwa upande wa Kisogoni, ambao uliachwa wazi ili Mtambo upumue. Sauti iliyokuwa ikitawanyika kwa majirani wote, sasa ikakusanywa vizuri na kuletwa Kisogoni peke yake, kama maji kwenye mfereji. Ikaagizwa mipira minene ya kuwekwa chini ya miguu ya Mtambo, isitikise ardhi. Mipira ilipofika ilionekana ni mizuri mno kuwekwa nje. Wakurugenzi wakaiweka chini ya viti vyao, na toka siku hiyo hakuna kiti cha mkurugenzi kilichokwaruza sakafu. Mwisho Mtambo ukachorwa paka aliyelala.

Baada ya hapo ikatangazwa kwamba Mtambo umenyamaza. Na kwa kuwa Mtambo umenyamaza lakini bado kuna kelele Kisogoni, mantiki ikaonyesha kwamba kelele ile inatoka Kisogoni kwenyewe. Ikatungwa sheria. Kelele, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni sauti itokayo kinywani.

Ndipo akaja Bwana Pazi na kopo lake.

*

Kelele peke yake Bi Siwatu angeivumilia. Amelea mtoto wa kulia, amekaa jirani na mashine ya kusaga, na marehemu mumewe alikuwa mtu wa kukoroma. Kilichomwua kilikuwa ni hodi.

Nchi ile haikuwa na sheria nyingi zinazofuatwa, lakini ya hodi ilifuatwa na wote, mwizi na kadhi. Ukifika kwa mtu, unabisha hodi. Ukijibiwa "karibu", unaingia. Usipojibiwa, unabisha ya pili. Ukibisha ya tatu pasijibiwe, unageuka unakwenda zako, wala huchungulii dirishani, wala hugongi kwa jiwe, wala huulizi kesho yake. Na anayesikia hodi akanyamaza amekutamkia kwa lugha ya wazi kabisa kwamba hakutaki.

Basi tangu Mtambo uwashwe, Kisogoni nzima ilikuwa imetamkiana hivyo. Hodi zinabishwa, hazisikiki, mtu anageuka na kinyongo chake. Mwenye kinyongo naye anabishiwa hodi, hasikii, kinyongo kinazaa pacha. Baraza zikabaki tupu. Umbea, ambao ndio chumvi ya mtaa, ukaoza midomoni kwa kukosa pa kumwagwa. Mtu anarogwa kwa uchawi wa bei rahisi, anaachwa na mkewe, anashinda bahati nasibu, na jirani hana habari. Bi Siwatu alikuwa akikaa sebuleni na sinia la sambusa alizopika kwa mazoea, akiutazama mlango, akijua kabisa huenda wakati ule ule kuna mtu upande wa pili anamwita.

Na mwezi uliopita walikuwapo. Walikuwa washenga.

Walikuja kumposea binti yake, Mwanamize, kwa ajili ya Hemedi, fundi wa makoti, kijana ambaye Mwanamize alikuwa akimtaja hata akiwa anasugua sufuria. Wazee wa watu, kanzu zao zimepigwa pasi, kiongozi wao Mzee Shekue, ami yake Hemedi, mwanamume mwenye shingo ndefu na kiburi kirefu zaidi. Wakabisha hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani Bi Siwatu alikuwa anakuna nazi, kwa furaha, akiwasubiri. Wakageuka. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika upande wa pili wa mji: Siwatu kawanyamazia washenga.

Mwanamize alilia siku hiyo kilio ambacho mama yake alikiona tu, hakukisikia. Hilo ndilo lililomuuma.

Alituma watu, akaomba radhi, akaapa kwa kila kiapo kinachoruhusiwa na viwili visivyoruhusiwa. Mzee Shekue akajibu kwamba atakuja tena Ijumaa, alasiri, mara moja na ya mwisho. Atabisha hodi kama watu wanavyobisha. Asipojibiwa, kuna fundi mwingine wa makoti mwenye binti.

"Si umpigie simu, mama, umwambie afungue tu aingie?" alisema Mwanamize.

"Simu? Mshenga anapigiwa simu? Huyo ni dalali wa vyumba."

"Basi tukae barazani tumsubiri."

"Nikae barazani na binti yangu, nimsubiri mposaji, kama muuza maandazi? Mtaa utasema nini?"

"Basi akifika tumfungulie mlango."

Bi Siwatu akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili. "Mwanangu, mlango unaofunguliwa bila karibu ni mlango wa msiba. Posa iliyopokewa kimya huzaa ndoa ya kimya. Shangazi yako Mwanasha alipokewa hivyo, na mumewe mpaka leo humwambia kwa mkono akitaka chai."

Ilibidi Mzee Shekue abishe kwa mdomo, na ilibidi yeye amjibu kwa mdomo, na jibu lifike. Kwa mngurumo ule, jibu la kufika lilikuwa ni la kupiga ukelele, na ukelele ulikuwa ni mstari wa tatu. Angempata mkwe, na angepoteza nyumba ya kumkaribishia.

*

Alhamisi Bi Siwatu alijitanda kanga mbili akaenda wizarani. Mlango wa vioo ulifunguka wenyewe kabla hajasema hodi. Akasita. Mlango usiongoja hodi humtia shaka mtu mwenye malezi.

Ndani palikuwa kama tumbo la samaki. Watumishi walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, glavu mikononi, kila mmoja na kijipumulio cha mtambo wa joto kikimpuliza miguuni na cha baridi kikimpuliza kichwani, kwa hiyo nchi ilikuwa inaendeshwa na watu walioiva nusu. Na palikuwa kimya. Kimya kitamu, cha kusikia kalamu. Bi Siwatu alisimama akakinywa kidogo, akaona haya, kama mtu anayekunywa maji kwenye nyumba ya wenye kiu.

Alimweleza shida yake Mkurugenzi wa Malalamiko Yasiyokuwepo. Kesho, alasiri, tafadhali, Mtambo uzimwe kidogo tu, muda wa hodi.

"Mama," alisema Mkurugenzi, kiti chake kikiteleza bila sauti, "unaniomba nizime kelele ya mtambo usiokuwa na kelele. Nikiuzima, nitakuwa nimekubali kwamba ulikuwa nayo. Mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye mmoja, baba."

"Basi unanielewa."

Bi Siwatu alikuwa anageuka kwenda zake, ndipo akamwona Mheshimiwa Waziri Kishindo akipita na msafara wake, koti lake la manyoya linaburura. Sasa, kuna watu waliosoma shule na kuna watu waliosoma watu. Bi Siwatu alimtazama Mheshimiwa jinsi alivyosimama mbele ya kioo cha lifti, akajitengeneza midomo, akaisogezasogeza bila kutoa sauti, kama anayeihotubia sura yake mwenyewe. Hapo hapo akajua mlango wake uko wapi.

"Mheshimiwa! Ndiyo kwanza nasikia hapa ndani kwamba Mtambo umenyamazishwa. Hongera! Ila mbona sisi wa Kisogoni hujatutangazia? Ushindi mkubwa namna hii, tunausoma kwenye nyuso za watu tu! Watu wana kiu ya kukusikia, Mheshimiwa. Nasema kukusikia. Wewe mwenyewe, pale pale chini ya Mtambo, kesho alasiri."

Mheshimiwa alimgeukia mpambe wake. "Mnaona? Sauti ya wananchi."

"Haijapimwa, Mheshimiwa," alisema mpambe.

"Kesho alasiri," alisema Mheshimiwa. "Na spika ziwe kubwa."

Bi Siwatu aliteremka ngazi upesi. Alikuwa ameweka nyumba yake na ndoa ya mwanawe juu ya jambo moja: kwamba hajazaliwa kiongozi wa kukubali kuongea mahali asiposikika.

*

Ijumaa ikafika, na mambo yakaanza kwa kwenda mrama, kwa sababu Mzee Shekue alikuwa mtu wa saa na Mheshimiwa alikuwa mheshimiwa.

Jukwaa lilikuwa limesimama chini ya Mtambo, limefungwa vitambaa, viti vitupu. Spika zilikuwa kubwa kama makabati. Mtambo ulikuwa unavuma kama ulioambiwa kuna wageni. Bi Siwatu alikuwa ndani, nyuma ya mlango, pilau limefunikwa, Mwanamize amejiinamia chumbani. Kwa chini ya mlango aliona vivuli vya miguu. Viatu vya ngozi, viwili viwili. Walikuwa wamefika.

Na kando ya viatu hivyo, buti. Bwana Pazi naye alikuwa kazini. Mlango wenye mistari miwili huangaliwa kwa jicho la karibu.

Bi Siwatu hakusikia hodi ya kwanza. Aliijua kwa viatu, jinsi vilivyojipanga na kutulia. "Karibuni," akajibu, kwa sauti ya kistaarabu. Hakujisikia hata mwenyewe. Vivuli havikusogea.

Vikajipanga tena. Ya pili. "Karibuni!" Safari hii alipandisha, akapandisha mpaka pale alipoona buti zimegeuka kuelekea mlangoni, na tone jekundu likadondoka sakafuni barazani. Akameza sauti. Akachungulia kwa upenyo wa dirisha, jambo ambalo mtu hafanyi, na alilifanya. Mzee Shekue alikuwa amenyoosha shingo, anakohoa kidogo, anaiandaa ya tatu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayelipa deni asilodaiwa. Jukwaani hapakuwa na mtu ila mbuzi anayekula vitambaa.

Bi Siwatu akashika kitasa. Akakiachia. Akashika kinywa chake. Akafikiri: Nipige ukelele nipoteze nyumba. Na kama hata ukelele hautafika?

Ndipo mlango wa nyumba ya pili ukafunguka, akatoka Mwatime.

Alitoka amevaa kanga ya kupikia, mwiko mkononi, akamwendea Mzee Shekue moja kwa moja, akamsalimu. Na nchi ile salamu ya mkubwa haikatwi. Akaanza na yeye mwenyewe Mzee Shekue, afya yake, magoti yake. Akahamia kwa wake zake, mmoja baada ya mwingine, walio hai kwa salamu na waliotangulia kwa dua. Mzee Shekue akainama kujibu, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Akauliza watoto. Akauliza ng'ombe. Akauliza mvua ya kule kwao. Na kwa kuwa Mtambo ulikuwa unavuma, kila salamu aliipaza kwa kifua kizima, mpaka kanga ikamvuka begani.

Bwana Pazi akakimbia na kijisanduku. Mshale uliruka ukapita 'Ng'ombe Anachinjwa' ukaenda mahali pasipoandikwa kitu. Akauonyesha. Mwatime akautazama, akamtazama Bwana Pazi, akaendelea: "Na yule ng'ombe wenu mwenye pembe moja, naye hajambo?"

Bwana Pazi akauacha mlango wa Bi Siwatu, akaenda kuupaka wa Mwatime. Mlango safi, wa bluu, uliokuwa haujawahi kuguswa.

Nyuma ya dirisha machozi yalikuwa yanamtoka Bi Siwatu, na alikuwa anasema, kwa mtu asiyeweza kumsikia, "Nisamehe shoga yangu, nisamehe lile neno la mama na masikio."

Mwatime alikuwa amebakiwa na kuku tu wa kuwaulizia, ndipo msafara wa Mheshimiwa ulipokata kona.

*

Mheshimiwa alipanda jukwaani, akafungua mikono, akafungua mdomo. Midomo ikacheza. Ikacheza vizuri sana, kama ilivyozoezwa. Hakikutoka kitu. Fundi akazungusha vitufe, spika zikatoa mkwaruzo, mkwaruzo ukamezwa na Mtambo bila hata kutafunwa. Watu wa Kisogoni walisimama wakamtazama kwa adabu. Mheshimiwa akaongeza mikono. Akaongeza jasho. Akainamia sikio la mpambe.

Baadaye mpambe alipoulizwa na kamati alishikilia kwamba hakuambiwa azime kelele. Aliambiwa awashe ukimya.

Mtambo ukakohoa, ukatetema, ukafa. Wa baridi kwanza, kisha wa joto.

Sijui niseme nini juu ya kimya kile. Watu walishika masikio kama waliopigwa. Mahali fulani bomba lilikuwa linadondoka, tone, tone, na mwenye nyumba akajua leo kwamba bomba lake linavuja. Mtoto alipiga kwikwi. Bi Siwatu, nyuma ya mlango, alimsikia Mzee Shekue akivuta pumzi.

"NDUGU WANANCHI!"

Spika zilizokuwa zimefunguliwa mpaka mwisho ziliwarusha kunguru. Bati zikalia. Mzee Shekue akaimeza hodi yake, maana mtu mzima hazungumzi juu ya kauli ya kiongozi. Bi Siwatu aligonga paji la uso mlangoni. Alikuwa amewaza yote isipokuwa hilo.

"NAWATANGAZIA KWAMBA KELELE YA MTAMBO HUU, AMBAYO HAIKUWAHI KUWEPO, SASA IMEPUNGUA KWA ASILIMIA MIA NA ISHIRINI! SIKILIZENI! MNASIKIA NINI?"

Mheshimiwa akatega sikio kwa madaha.

"HAMSIKII KITU! HUO NDIO UONGOZI!"

Na hapo, kama kila mhutubiaji anavyofanya baada ya neno kama hilo, Mheshimiwa akanyamaza apigiwe makofi.

Makofi hayakuja. Kofi, wanasheria walikuwa wameongeza baadaye, ni tawi la kinywa. Watu wa Kisogoni walisimama mikono imening'inia, watiifu, kimya kikatanda, kikatanda tena. Mheshimiwa akangoja. Mpambe akangoja. Bwana Pazi alisimama na brashi yake katikati ya mlango wa bluu na mlango wenye mistari miwili, naye akangoja.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti nyembamba ya mzee, ya tatu na ya mwisho.

Bi Siwatu hakukumbuka mstari. Hakukumbuka bonde la Shamba la Ukimya wala moshi wa majirani. "Karibuuu!" Ilimtoka tumboni, pamoja na sambusa zote zilizokosa walaji. Na kabla hajaimaliza, nyumba ya pili ikajibu karibu, na ya tatu, na zile za ng'ambo ya kichochoro, wanaume, wanawake, watoto waliokuwa hawajawahi kuisikia hodi tangu wazaliwe, mtaa mzima ukafoka "Karibu!" kama watu waliokuwa wamezibwa pua wakafunguliwa.

Na juu ya karibu zote hizo, kutoka kwenye spika kubwa kama makabati, ikasikika moja iliyozifunika zingine:

"KARIBU! KARIBU NDANI!"

Ilikuwa ya Mheshimiwa. Naye alikuwa na mama. Alilelewa, kabla ya kuwa Mheshimiwa, katika nyumba yenye mlango wa mbao, na hodi ilipobishwa ilimkuta mtoto yule yule. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kumwelekeza mgeni kiti.

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Pazi. Kijisanduku chake, ambacho hakikuwahi kuelekezwa huko, kilijielekeza kwa sababu mwenyewe alikuwa ameigeukia sauti. Mshale ukaruka, ukagonga kioo, ukakatika. Rangi nyekundu ikawa inadondoka. Sheria ilikuwa wazi: chanzo kikubwa kuliko vyote hupakwa kwanza. Bwana Pazi akalitazama jukwaa. Akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akaitazama brashi.

"Washa!" alisema Mheshimiwa. "Washa Mtambo! Washeni yote!"

Na hiyo ilikuwa siku serikali ilipokimbilia ndani ya kelele yake kujificha. Mtambo ulinguruma, midomo ya Mheshimiwa ikaendelea kucheza, na magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba alifafanua.

*

Lakini karibu ilikuwa imekwishafika, na karibu ikifika hairudi. Mzee Shekue alikuwa ndani, amekaa, shingo imelegea kidogo. Posa ilisemwa sikioni na kujibiwa sikioni, mtu kwa mtu, kuzunguka jamvi, na ilipomfikia Mwanamize chumbani na kurudi, ilikuwa imeongezwa utani mwingi kuliko ilivyoondoka. Mwatime alikuwa jikoni anapakua, hakuna aliyemwomba, anagawa nyama kwa dhuluma kama kawaida yake. Bi Siwatu alipita nyuma yake akamkumbatia kiunoni. Mwatime akamkanyaga mguu kwa kusudi, na wakawa wamepatana.

Bi Siwatu alipogeuka aliuona mlango. Ulikuwa wazi, na barazani alikuwa amesimama Bwana Pazi, koti zito limemganda, rangi nyekundu imemwagikia mikono mpaka viwiko. Hakuwa ameupaka mlango. Angeupaka huu, angepaswa kupaka mingine yote, na jukwaa. Kwa hiyo hakuwa na la kufanya, na wala hakuondoka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Ilicheza mara moja, akangoja. Ikacheza tena.

Bi Siwatu alisimama akamtazama. Siku zote hizo mtu yule alizunguka Kisogoni na jua, na hapakuwa na nyumba hata moja iliyompa maji. Aliiona midomo ikijiandaa kwa mara ya tatu, na macho yake, tayari, yakianza kutazama njia ya kurudia.

Akavuka ukumbi, akamshika shingo, akamwinamisha mpaka sikio.

"Nimekusikia," alisema. "Brashi iache hapo nje. Vua koti hilo, baba, utakufa. Nawa mikono, uingie ule."